Treni ya Vita Dukani kwa Hamud

Treni ilisimama yenyewe. Springi yake ilikuwa imekwisha nguvu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuitia ufunguo. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri, na baraza ya Hamud bin Ghanim katika Mtaa wa Narung'ombe ilikuwa imejaa watu wenye kanzu zilizopigwa pasi na kanga ambazo bado zilinuka duka. Walikuwa wamekuja kucheka, kama walivyokuja kila Idi. Sasa walikuwa kimya kama watu waliomwagiwa maji, wakimtazama Mgeni binti Shomari, muuza vitumbua wa sokoni, ambaye alikuwa ameketi mchangani, miguu ameinyoosha mbele yake kama mtoto mdogo.

Miaka mingi baadaye waliokuwapo walikuwa bado wakiulizana ni kipi kilichowashtua zaidi: jambo lenyewe walilolisikia, au kwamba jambo kama lile lilitoka katika mchezo wa bati.

Hamud hakuwa mtu wa kushtua watu. Baba yake, Ghanim, alitoka Maskati kabla ya Wajerumani kuujenga mji huu, akafungua duka la kahawa, tende, tambi na mafuta ya taa, akafa, na Hamud akakaa kwenye kigoda kile kile cha baba yake. Alikuwa mrefu, shingo imepinda kidogo kwa sababu ya kuinama maisha yake yote chini ya kizingiti kifupi. Akicheka, kicheko kilitokea puani. Akiulizwa jambo zito, kwanza huishika mizani, akaweka jiwe upande mmoja, akaliondoa, ndipo akajibu. Mke wake alikufa kwa ndui akiwa kijana, na tangu hapo aliishi na dada yake mkubwa, Fakhriya, aliyempikia, akamkemea, na kumwombea dua, mara nyingi yote matatu kwa pamoja.

Baada ya vita vikuu, Waingereza walipowarudisha Wajerumani kwao, vitu vya Wajerumani vilinadiwa karibu na bandari. Hamud alikwenda kununua kabati. Akarudi na sanduku. Ndani mlikuwa na injini ndogo ya treni ya kutia ufunguo, mabehewa mawili, na reli za bati ambazo ukiziunga zinafanya duara. Fakhriya aliuliza kabati iko wapi. Hamud akaitia injini ufunguo na kuiachia sakafuni, nayo ikaenda ikilia kama nyuki mpaka ikagonga mguu wa kitanda. Fakhriya alikaa chini. Alisema hajui acheke au amwite mganga.

Miaka ikapita, na ile duara ikakua. Kwa madebe ya mafuta ya taa Hamud alikata madaraja, stesheni, ghala, na soko lenye nguzo kama Soko la Kariakoo. Aliongeza mabehewa ya mkonge, mabehewa ya pamba, behewa la maji. Reli ilizunguka chumba kizima nyuma ya duka, juu ya masanduku ya chai. Kitu kimoja tu hakukitengeneza, nacho ni watu. Alikuwa amefundishwa chuoni kwamba anayeunda sanamu ya kiumbe chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama ampulizie pumzi, naye akajua kwamba hataweza. Kwa hiyo stesheni zake zilikuwa hazina abiria, na soko lake halikuwa na mnunuzi. Watu walimtania kwamba amejenga mji uliopitiwa na tauni. Kila Idi aliitoa reli yake barazani, na mtaa mzima ukaja kuitazama treni ikizunguka mji usio na mtu.

Jambo moja zaidi lilijulikana na mtaa mzima. Hamud alimtaka Mgeni.

Mgeni alikuwa na mume. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Waingereza walipouteka mji, walikamata wanaume wa kuchukua mizigo ya jeshi, wakawaweka katika jengo kubwa ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga liwe soko. Wapagazi wale ndio walioliachia eneo zima jina lao, Kariakoo. Mume wake, Abbasi, fundi wa kusuka vitanda, alikamatwa barabarani akirudi na kamba begani. Walikuwa hawajatimiza mwaka tangu harusi, na Mgeni alikuwa na mimba kubwa. Kila siku alimpelekea chakula, akampitishia kwenye uzio. Asubuhi moja alikuta uzio na upande wa pili hakuna mtu. Wapagazi walikuwa wamepakiwa kwenye treni.

Baadaye alirudi Bushiri, jirani yao, aliyekuwa akitia kuni kwenye injini ya treni hiyo hiyo. Akamwambia Mgeni kwamba amemwacha Abbasi mzima wa afya, amesonga mbele na askari kuelekea Rufiji. Mtoto alizaliwa, hakufikisha arobaini. Vita vikaisha. Wapagazi wachache walirudi, wembamba kama fito, na Abbasi hakuwa miongoni mwao. Mgeni hakukaa eda, wala hakukubali mume wake asomewe khitima. Aliweka chungu chake cha vitumbua kwenye lango la soko, mahali ulipokuwa uzio, na hapo akazeeka kidogo kidogo, kwa sababu alisema Abbasi akirudi ataanzia hapo.

Mara tatu Hamud alimtuma Fakhriya kupeleka posa. Hata kadhi alikwisha kumweleza Mgeni kwamba mke wa aliyepotea ana njia yake katika sheria, akitaka. Jibu lake lilikuwa moja.

"Nililetewa habari ya uhai wake. Habari ya kifo chake sijaletewa."

Fakhriya aliporudi mara ya tatu alivua buibui akalitupa kitandani, akamwambia mdogo wake kwamba yeye anamsubiri mwanamke anayemsubiri mwanamume anayesubiriwa na Mungu, na msururu huo hauna mwisho. Hamud alikwenda dukani akaishika mizani. Hakuoa mwingine.

Basi ilikuwa Ramadhani, miaka kumi na sita tangu treni ile ya wapagazi, alipokuja Melkiori. Melkiori alikuwa Mchaga aliyefanya biashara ya jumla hapo Kariakoo, akileta kahawa ya kwao Kilimanjaro, na Hamud alikuwa mteja wake. Alikuwa Mkristo, lakini kwa heshima ya mwenyeji wake hakula mbele yake mchana wa mwezi ule. Badala ya kula, alizungumza. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akaitazama reli, akatikisa kichwa.

"Bwana Hamud, reli yako haina dhambi hata moja. Hii si reli, hii ni tasbihi."

Hamud akacheka puani, akauliza dhambi gani anataka.

Melkiori akamweleza. Alipokuwa mdogo Moshi aliziona treni za vita kwa macho yake. Injini zilivikwa mabamba ya chuma, zimeachiwa matundu madogo ya kuchungulia kama mwanamke wa Lamu. Mizinga ilifunikwa majani. Malori yalivuliwa matairi, yakavishwa magurudumu ya chuma, yakaenda juu ya reli yenyewe kama treni. Hamud, akasema, anapakia pamba na mkonge kana kwamba nchi hii haikupata kupigwa hata kofi! Alicheka, akapima kahawa yake, akaenda zake.

Lakini neno lilikuwa limeingia. Hamud alikuwa mtu wa kazi kamili, na sasa kila alipoitazama reli yake aliona pengo. Mchana duka likiwa tupu, saumu imewalaza watu majumbani, alikaa na mkasi wa bati na chuma cha kulehemu. Injini ya Mjerumani aliivika bati pande zote. Lori alilitengeneza kwa kopo la maziwa, magurudumu akaweka vifungo vya koti. Mzinga ulikuwa bomba la mwavuli uliovunjika, nao ulitokeza nyuma ya behewa lake. Aliogopa vitu hivyo vizito vitaachana kwenye kona, kwa hiyo akavilehemu vyote pamoja: injini, kisha malori, kisha mzinga, kitu kimoja kisichoachana.

Fakhriya aliingia na sinia la futari, akasimama.

"Vita, mtu haviingizi nyumbani kwa mkono wake."

Hamud akamwambia ni bati tu, dada. Fakhriya akajibu kwamba hata jeneza ni ubao tu.

Melkiori aliporudi na kahawa nyingine, aliikagua treni ya vita kwa furaha kubwa, akapiga magoti aipime kwa jicho. Kisha akakunja uso wa mzaha.

"Na wapagazi? Risasi zilibebwa na nani, malaika?"

Hapo ndipo Hamud alipotengeneza behewa la mwisho, la wazi, lisilo na paa, kwa vipande vilivyobaki. Lilikuwa jepesi na zuri. Lakini pa kulitia hapakuwapo. Nyuma kulikuwa na bomba la mzinga, katikati kila kitu kimelehemiwa. Kulabu iliyobaki ilikuwa moja tu, ile ya mbele ya injini. Akalitungika hapo. Injini ilikuwa ikilisukuma badala ya kulivuta, nalo likaenda vizuri, halikuanguka hata kwenye kona. Hamud akaridhika.

Kisha akaona kwamba behewa tupu la wapagazi ni uongo. Watu hatengenezi. Mbele yake palikuwa na sahani ya futari, na juu yake kokwa za tende walizokuwa wamekula. Aliziosha zisilete siafu, akazianika kwenye dirisha, na zilipokauka akazipanga ndani ya behewa, zimesimama, moja kando ya moja. Kokwa si sanamu. Aliona ametegua kitendawili.

Katika mtaa ule kulikuwa na bakuli moja la kokwa safi za tende, na bakuli hilo lilitunzwa dukani kwa Hamud mwenyewe, rafu ya juu. Mtu akifa, jamaa zake walikuja kuliazima. Wanaume walikaa mkekani kumsomea maiti tahlili, na kila ikitimia moja, kokwa moja ilihamishwa kutoka bakuli hadi mkekani, ili hesabu ya dua za marehemu isipotee. Kila mtoto wa Kariakoo, kabla hajajua kusoma, alijua kokwa iliyooshwa ikakaushwa maana yake ni nini. Hamud alilijua hilo kuliko wote. Lakini siku ile alikuwa fundi, na fundi aliyepata kitu kinachoenea mahali pake haoni kingine.

Siku ya pili ya Idi baraza ilijaa. Melkiori alikuja na koti jipya, akajifanya ndiye mkuu wa jeshi, akawaeleza watu hiki ni nini na kile ni nini. Bushiri naye alikuwapo, ameegemea nguzo na kikombe cha kahawa. Tangu aache kazi ya reli alikuwa mlinzi wa ghala, mtu mkimya, aliyependwa kwa ukimya wake. Hakuwahi kuja kuitazama treni ya Hamud miaka yote ile. Siku hiyo alikuja kunywa kahawa tu.

Mgeni alifika mwisho, sinia tupu kichwani, kwa kuwa vitumbua vya Idi huisha mapema. Wanawake walimpisha. Mmoja akamnong'oneza kwa utani kwamba mchumba amemtengenezea jeshi la kumtekea, na Mgeni akamwambia afunge mdomo usiingie nzi. Alikuwa akitabasamu. Hamud alimwona akitabasamu, akaitia injini ufunguo mpaka mwisho, akaiachia.

Treni ya vita ilitoka nyuma ya stesheni ya bati. Kwanza lilitokea behewa la wazi, likisukumwa. Kisha injini iliyovikwa chuma. Kisha malori, kisha mzinga. Watu wakapiga makofi. Ikazunguka, ikarudi, na ilipopita mbele ya Mgeni, tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Hizi ni nini?" akauliza, akionyesha behewa la mbele.

"Hao wapagazi," akajibu Hamud kwa majivuno kidogo.

Mgeni akateremsha sinia lake, akaliweka chini polepole.

"Hizi ni kokwa za khitima."

Makofi yalikufa. Wanawake waliokuwa karibu walitazama, na kila mmoja aliona alichokuwa hakukiona, wakajishika vifua. Mmoja alianza kusema inna lillahi, akaimeza nusu. Mkono wa Hamud ulitafuta mizani, na mizani ilikuwa ndani.

"Hamud," akasema Mgeni, na sauti yake haikupanda, "nani amekuletea habari?"

Hamud hakuelewa anaulizwa habari gani. Lakini kwenye nguzo kikombe kilianguka. Bushiri alikuwa amesogea mbele, akiwapangua watu kwa viwiko. Hakumtazama Mgeni. Aliitazama treni iliyokuwa ikija tena, behewa la wapagazi mbele, injini nyuma yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa ukosi.

"Nani kakwambia?" alimuuliza Hamud. "Nani kakwambia kwamba tuliwatanguliza?"

Treni ilizunguka mara nyingine, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Kulabu," Hamud akasema. Alionyesha kwa kidole. "Kulabu ilibaki ya mbele tu."

Ndipo Bushiri alipojua kwamba Hamud hakuwa akijua chochote, kwamba hakuna aliyekuwa akijua chochote, na kwamba siri aliyoilinda kwa miaka kumi na sita ameitoa mwenyewe mbele ya mtaa mzima, kwa kulazimishwa na mchezo. Alifunika uso kwa mikono. Mgeni akamwambia aitoe mikono. Akaitoa, akasema.

Ilikuwa kabla ya kufika Morogoro. Kulikuwa na uvumi kwamba Wajerumani wametega baruti chini ya reli. Mzungu mmoja mwenye cheo, ambaye Bushiri hakupata kulijua jina lake, aliamuru behewa la wapagazi liondolewe nyuma litungikwe mbele ya injini, ili kama reli imetegwa, ijulikane kabla injini haijafika. Injini zilikuwa chache. Bushiri alikuwa akitia kuni. Aliiona migongo yao kwa muda mrefu, kupitia moshi, na Abbasi aligeuka mara moja akampungia mkono, kwa sababu hakujua kwa nini wamewekwa mbele na alifurahia upepo. Kisha behewa liliinuka kwa mshindo. Injini haikupata hata mkwaruzo. Wote walioshuhudia waliamriwa wafunge midomo, na Bushiri aliporudi akakuta Mgeni na tumbo lake mlangoni, akasema alilosema. Alikusudia kumwambia ukweli akishajifungua. Mtoto akafa. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake.

"Ulimwona?" Mgeni akauliza. "Kwa macho yako?"

"Nilimshika miguu, tukamlaza. Tuliwazika kando ya reli, penye daraja dogo la mawe."

Hapo ndipo Mgeni alipokaa chini mchangani.

Melkiori alivua kofia yake. Alikuwa wa kwanza kufanya lolote, na baadaye alisema hakujua kwa nini aliivua, mkono wake ulijua. Fakhriya alitoka ndani na kanga, akamfunika Mgeni mabega, akamwinua. Bushiri alibaki amesimama pale pale. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Watu walimpita tu kama wanavyoipita nguzo, wakaenda makwao mmoja mmoja, na Idi ikaishia hapo.

Mshtuko wa pili ulitoka kwa kadhi. Jamaa za Mgeni walikwenda kuuliza eda ianze siku gani. Kadhi akawaambia kwamba eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo, sio tangu siku ya habari. Eda ya Mgeni ilikwisha kupita zamani, wakati wa vita, bila yeye kujua. Kisheria alikuwa mwanamke huru tangu wakati huo, anaweza kuolewa hata kesho.

Mgeni aliposikia hivyo alicheka, na waliokisikia kicheko kile hawakupenda kukielezea. Miaka yote ile alikuwa mke wa mtu kichwani mwake tu. Akasema kadhi ana sheria yake, naye ana ya kwake, na atakaa. Akavaa nguo nyeupe, akaingia chumbani, akakaa eda kamili ambayo hakuna aliyemtaka aikae. Abbasi alisomewa khitima. Hamud alikwenda, akaketi karibu na mlango, na mtu aliyekuwa kando yake akahamia upande mwingine.

Kwa maana mtaa ulikuwa umepata maneno. Walisema Mwarabu alijua. Walisema alimtumia Bushiri kwa hila, akapanga treni, akapanga kokwa, akachagua siku ya watu wengi, ili mwanamke afunguliwe. Kokwa zijipange zenyewe? Behewa lijiweke mbele lenyewe? Melkiori alizunguka sokoni akieleza kwamba wazo la vita lilikuwa lake yeye, na matokeo yake yakawa kwamba naye ametiwa katika njama. Hamud hakujitetea. Angesema nini? Kwamba mwavuli ulikuwa mrefu? Yeye mwenyewe alianza kujiuliza kama mkono wake haukujua kitu ambacho kichwa hakikujua, kwa sababu kilichotokea ndicho alichokuwa akikiomba kwa miaka, na sasa kilipokuja kilikuja na sura ile.

Fakhriya alimwambia eda ikiisha atakwenda na posa ya nne. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao Hamud alimpandishia dada yake sauti. Alimwambia mguu wake ukikanyaga kule kwa habari hiyo, yeye atafunga duka na kuhama mji. Alikuwa ameamini kwamba Mgeni amepotea kwake moja kwa moja. Mjane anaweza kuolewa na mwanamume yeyote wa Kariakoo, isipokuwa yule aliyempa ujane.

Alikuwa akipima tambi siku Mgeni alipoingia dukani. Alikuwa amekonda, na nguo nyeupe ameivua. Watu wawili waliokuwa wakinunua walikumbuka shughuli zao wakatoka, wakasimama nje wasikie.

Mgeni hakuomba mafuta wala unga. Alisema:

"Nina swali moja, Hamud. Ungelipata habari ile kwa siri, peke yako, ungeniambia?"

Hamud aliushika mkono wa mizani. Kisha akauachia bila kuweka kitu.

"Ningekwambia. Siku hiyo hiyo. Lakini ningekwambia kwa faida yangu."

Kule nje mtu alikohoa.

"Bushiri alinificha kwa huruma," Mgeni akasema. "Huruma yake imekula ujana wangu wote. Sitaki tena mtu wa kunihurumia." Akatengeneza kanga yake begani. "Nataka kwenda mahali pale. Bushiri atanionyesha, hilo ninamdai mbele ya Mungu, hawezi kukataa. Lakini sina baba, sina kaka. Kumfuata Bushiri porini peke yangu haifai. Siwezi kusafiri bila maharimu, mwanamume aliye halali kunisindikiza."

Hamud akasema, kwa moyo wote, kwamba atazungumza na kadhi amtafutie mzee wa kuaminika katika ukoo wake, au mjomba.

"Sina mjomba," Mgeni akasema.

Akangoja, kama anavyongojwa mtoto aliyeshikwa na hesabu ndogo. Hamud alisimama na tambi mkononi. Kisha damu ikampanda usoni mpaka masikioni, na tambi zikamwagika juu ya kaunta.

"Watasema tulipanga," alisema.

"Wamekwisha kusema. Wanasemaje zaidi?"

Ndoa ilifungwa Ijumaa, bila ngoma. Melkiori alileta gunia la kahawa, akaambiwa na Fakhriya akae nje na wanaume na asitoe wazo lolote.

Walipanda treni daraja la tatu, Hamud, Mgeni, na Bushiri akiwa amekaa kiti cha mbali, mgongo wake kwao. Baada ya Ngerengere Mgeni alihamia dirishani. Alikuwa ameshika kikapu magotini kwa mikono miwili, na Hamud aliona jinsi anavyolitazama kila jiwe na kila kichaka kinachokuja, kana kwamba kimojawapo kitamsalimu.

Bushiri akainuka ghafla.

"Hapa," akasema.

Mgeni akageuka kumtazama yeye, na alipogeuka tena dirishani kulikuwa na nyasi tu, kisha nyasi nyingine.

"Wapi?"

"Tumekwisha kupita."

Miaka yote ile, na mahali penyewe palikuwa papana kama kope ya jicho. Hamud alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakuna kamba ya kuvuta, hakuna mtu wa kumwambia, treni ilikuwa na mwendo wake. Ilipofika stesheni ndogo iliyofuata walishuka watatu, na bwana stesheni akawaambia kwamba treni ya kurudi ni kesho, wapumzike kwenye benchi. Alipomaliza kusema, Mgeni alikuwa amekwisha kuvua viatu na kuanza kurudi kwa miguu juu ya mataruma ya reli, haraka, buibui limeshikwa mkono mmoja. Hamud alimwashiria Bushiri aje, akachukua kikapu na birika la maji, akamfuata Mgeni.